Ngwe Isiyo na Jina

Ukikaa sokoni Kasulu nusu saa tu, hutakosa kumsikia mtu akilalamika kwamba simu yake imeganda. Hakuna baraza lililopitisha matumizi hayo. Ni neno lilelile la mawese, ambayo kwenye baridi ya nyanda hizi za juu huamka yameganda ndani ya chupa, na watu wamelihamishia kwenye kioo cha simu bila kumwomba mtaalamu yeyote ruhusa. Mtu anabonyeza, duara dogo linazunguka, kidole hakijibiwi. Imeganda.

Kinachotokea ndani ya simu hiyo kinafaa kuelezwa taratibu. Programu ya simu ina mfuatano mmoja mkuu wa hatua, unaochora kioo, unaopokea kidole na kukijibu. Mfuatano huo ukitumwa kwenda kuchukua bei za maharage kwenye seva iliyoko Dar es Salaam, na mtandao wenyewe ni wa kusuasua kama unavyokuwa kwenye mabonde ya njiani kati ya Kasulu na Kibondo, utasimama palepale kusubiri jibu. Ukiwa unasubiri hauchori wala haupokei kidole. Betri ina chaji, prosesa haina shughuli, na mwenye simu anaona jiwe. Simu za bei ya chini siku hizi zina viini vinne au vinane vya kuchakata, kwa hiyo si kwamba nguvu imekosekana. Kazi ya kusubiri imepewa asiyepaswa kusubiri. Google waliamua kulikomesha jambo hili kwa nguvu: tangu Android 3.0 ya mwaka 2011, programu iliyoandikwa kwa toleo hilo au la baadaye ikijaribu kwenda mtandaoni kwa mfuatano mkuu, mfumo huivunja. Mwandishi wa programu hana budi kumkabidhi mwingine safari hiyo.

Huyo mwingine tumwite nani?

Kiingereza kimemwita uzi. Jerome Saltzer, katika tasnifu yake ya MIT ya mwaka 1966, anamtaja Victor Vyssotsky kuwa ndiye aliyetoa jina hilo, na watafsiri wetu wamefuata njia hiyohiyo: uzi, nyuzi. Silipingi neno hili. Uzi una mwanzo na mwisho, hauna matawi, na nyuzi nyingi zikisokotwa hubeba uzito ambao mmoja hauubebi. Mtaani nako lina uhai wake. Jezi mpya ya Simba au ya Yanga ni uzi, na mtu asiyekusudia kulegeza husema uzi ni uleule. Neno lenye afya namna hiyo haliui istilahi.

Lakini uzi haupewi kazi. Uzi hushonewa, husokotwa, hutungiwa shanga. Mwambie mwanafunzi wa kidato cha tano pale Kasulu aandike programu inayogawa kazi kwenye nyuzi kumi, na picha atakayoiona kichwani ni ya cherehani. Anachohitaji kuona ni watu na shamba. Lugha aliyokulia ina msamiati mpana sana wa kugawana kazi, nao ulikuwepo kabla ya kompyuta ya kwanza kuwashwa, na sehemu kubwa ya msamiati huo wazee wa Buha, nchi ya Waha huku Kigoma, waliijua kwa migongo yao.

Chukua kibarua. Neno hili ni barua iliyopunguzwa: kijibarua, karatasi ndogo aliyopewa mtu wa kazi za kutwa ili jioni aionyeshe na kulipwa. Kisha jina la karatasi likamhamia mwenye karatasi, naye akawa kibarua. Kisha likaihamia kazi yenyewe. Leo mtangazaji wa mpira anasema timu fulani ina kibarua kigumu ugenini, na aliyefukuzwa kazi kibarua chake kimeota nyasi. Hati, mtu na kazi vyote vimo ndani ya neno moja. Mpenda maneno atalifurahia hilo. Mwandishi wa programu litamtia wasiwasi, na nitaeleza sababu.

Chukua ngwe. Ugwe ni kamba nyembamba iliyosokotwa. Shamba lilipogawiwa watu kulilima, kila mtu alipimiwa sehemu yake, na sehemu hiyo ikaitwa ngwe. Ukimaliza ngwe yako umemaliza, unaweza kupumzika au kuomba nyingine. Neno limepanda ngazi tangu hapo: tunasikia ngwe ya kwanza na ya pili ya uongozi, na ngwe ya lala salama katika ligi. Lakini kiini chake kimebaki palepale. Ni kipimo cha kazi chenye mpaka, anachoweza kukabidhiwa mtu yeyote mwenye jembe. Na kwa bahati njema ya ajabu, kamba na kazi vinakaa katika familia moja ya maneno. Aliyependa picha ya uzi haipotezi akichukua ngwe.

Halafu lipo manamba. Hili linaumiza. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na mashamba ya Tanga na Morogoro yalipokua yalihitaji mikono mingi kuliko iliyopatikana jirani. Wakoloni waliigeuza Buha kuwa ghala la nguvukazi. Reli ya Kati ilikuwa imefika Kigoma tangu 1914, na wanaume wa Kasulu na Kibondo walishuka hadi relini, wakapakiwa kwenda mashariki kwa mkataba. Mwaka 1944 wenye mashamba walianzisha chombo chao cha kuajiri, SILABU, na Waha wakawa miongoni mwa waliochukuliwa kwa wingi. Huko shambani mtu alitambuliwa kwa namba. Kipande chake, yaani kadi yake ya kazi, kilikuwa na nafasi 30, kila siku aliyomaliza ngwe ikitiwa alama, na mshahara haukutoka mpaka alama zitimie. Jina alilopewa na baba yake halikuhitajika na mtu. Watu wa pwani wakawaita manamba.

Sasa fungua programu yoyote ya lugha ya Java inayotumia nyuzi bila kuzipa majina, uitazame orodha yake inapotembea. Utaona Thread-0, Thread-1, Thread-2. Ukitumia kundi la nyuzi utaona pool-1-thread-1 na wenzake. Nyuzi zinatambuliwa kwa namba tu. Nimewahi kusikia pendekezo kwamba tuziite manamba, kwa kuwa neno limelingana kabisa. Nalikataa. Kulingana kupo, lakini neno hilo ni la watu waliovuliwa majina, na watoto wa watu hao wapo Makere, Heru Juu na Kakonko hadi leo. Istilahi isijengwe juu ya jeraha ambalo halijapona, hata kama ingekaa vizuri kiasi gani.

Turudi kwenye kibarua na wasiwasi wake. Java ilipotoka mwaka 1996 ilikuwa na nyuzi ndani yake tangu siku ya kwanza, jambo ambalo lugha nyingi za wakati huo hazikuwa nalo. Ilitoa njia mbili za kuzitumia. Njia ya kwanza ni kuunda klasi inayorithi Thread na kuiandika kazi humohumo ndani yake. Mtendaji na kazi wanakuwa kitu kimoja, kama neno kibarua linavyowachanganya. Uzi huo ukishamaliza kazi yake umekwisha, huwezi kuuambia sasa fanya hii nyingine, maana kazi ndiyo mwili wake. Njia ya pili ilikuwa ya busara zaidi: kazi inaandikwa peke yake, katika kitu cha aina ya Runnable, kisha inakabidhiwa uzi. Ngwe huku, mwenye jembe kule.

Busara hiyo ilikuwa na gharama ya maneno. Tuseme ghala la chama cha ushirika linajumlisha stakabadhi za maharage ya msimu, na tunataka kujumlisha kuendelee pembeni huku karani akiendelea kupokea magunia. Mwandishi wa Java alilazimika kuandika hivi:

new Thread(new Runnable() {
    @Override
    public void run() {
        jumlisha(stakabadhi);
    }
}).start();

Mistari sita, na kazi imo katika mmoja. Mitano iliyobaki ni ya protokali: natangaza kwamba nitaunda kitu, kitu hicho ni cha aina fulani, kina njia inayoitwa run, njia hiyo hairudishi jibu, na sasa nafunga. Msomaji mgeni anapotea kwenye protokali kabla hajaifikia kazi. Na ukiwa na ngwe ishirini za namna hiyo ndani ya programu moja, utakuwa na mistari mia moja isiyosema lolote.

Tarehe 18 Machi 2014 ilitoka Java 8, na mistari ile sita ikawa huu:

new Thread(() -> jumlisha(stakabadhi)).start();

Mabano matupu yanasema ngwe hii haihitaji kupewa kitu mkononi inapoanza. Mshale unasema fanya hivi. Kisha kazi. Hakuna jina la klasi wala la njia, kwa sababu ngwe hii itafanywa na kuishia hapo, hakuna atakayeiita tena kwa jina. Hiyo ndiyo lamda: namna ya kuiandika ngwe mahali pale unapoikabidhi, bila kwanza kuibatiza.

Jina la lamda lenyewe lina kisa chake. Alonzo Church, mwanahisabati wa Princeton, alikuwa katika miaka ya 1930 akitafuta namna ya kuandika kanuni ya kukokotoa bila kuipa jina. Whitehead na Russell, katika kitabu chao Principia Mathematica kilichotoka kati ya 1910 na 1913, walikuwa wameweka alama ya kofia juu ya herufi ya kigeu. Kwa maelezo aliyoyatoa Church mwenyewe, kofia hiyo ilishushwa ikakaa mbele ya kigeu, na kwa urahisi wa mchapaji ikageuka herufi ya Kigiriki iliyofanana nayo. Baadaye aliwahi kusema pia kwamba alihitaji herufi na akaichagua hiyo tu. Vyovyote iwavyo, herufi haina maana yoyote ya ndani. Haihusu kazi, wala mshale, wala uzi. Ndiyo sababu nasema iachwe kama ilivyo, lamda, ngeli ya N, wingi wake lamda. Jitihada ya kulitafsiri neno ambalo hata wenyewe halikuwaambia kitu ni jitihada ya bure. Tunachopaswa kukitafsiri ni kile kinachobebwa na lamda, na hicho ni ngwe.

John McCarthy aliiingiza lamda katika lugha yake ya LISP, aliyoianza mwaka 1958. C# iliipata mwaka 2007, C++ mwaka 2011, Java 2014. Inashangaza kwamba wazo la miaka ya 1930 lilichukua takriban miaka themanini kufika kwenye lugha inayotumiwa na watu wengi namna ile. Sababu mojawapo ya kuharakishwa kwake mwishoni ni prosesa. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000 kila prosesa mpya ilikuwa na kasi kuliko ya jana, na programu mbovu iliokolewa na kasi hiyo. Kasi ilipogota, watengenezaji wakaanza kuongeza viini badala ya kuongeza mwendo. Programu isiyojua kugawa ngwe ikabaki kutumia kiini kimoja, na vingine vikakaa. Si ajabu kwamba kiwango cha C++ cha mwaka 2011 kilileta nyuzi na lamda kwa pamoja.

Faida ya lamda haiishii kwenye kufuta mistari. Mwandishi akishazoea kuiona ngwe kama kitu kinachosimama peke yake, anaacha kabisa kufikiria uzi. Anaikabidhi kwa kundi la nyuzi zilizokwisha kuundwa na zinazosubiri kazi, na kundi ndilo linaloamua nani aichukue. Java ilikuwa na makundi hayo tangu toleo la 5 la mwaka 2004, yakitokana na kazi ya Doug Lea na wenzake, ila kuyatumia kulikuwa na protokali ileile ndefu. Baada ya 2014 unaweza kuandika mnyororo: leta bei, kisha zipange, kisha zionyeshe, ikishindikana onyesha za jana. Kila kiungo cha mnyororo huo ni lamda moja, na programu inasomeka kwa mpangilio uleule ambao ungemweleza karani kwa mdomo. Kabla ya hapo, hatua ya tatu ilikuwa imezikwa ndani ya ya pili, nayo ya pili ndani ya ya kwanza, na sehemu ya kushindikana imetawanyika kila mahali. Na tangu Java 21 ya Septemba 2023 zipo nyuzi nyepesi ambazo unaweza kuzifungua kwa maelfu bila kulemea mashine, kila moja ikipewa ngwe yake na kuachwa.

Kundi hilo la nyuzi tuliiteje? Wengi husema kikosi. Kikosi kina harufu ya kambi na amri. Wakimbizi wa Burundi walioishi Nduta, Kibondo, na Nyarugusu, Kasulu, wana neno la kwao, ikibiri: watu wanaokusanyika kulima shamba la mmoja wao, kisha la mwingine. Kirundi na Kiha ni ndugu wa karibu mno, na mtu wa Kibondo hahitaji mkalimani kwa neno hilo. Kiswahili kimezoea kuchukua kwa majirani zake. Ngeli tumeipata kwa Wahaya, na kung'atuka Mwalimu Nyerere alikutoa Kizanaki, na Watanzania wakakukubali. Basi kibiri na vibiri, ngeli ya KI-VI: mkusanyiko wa nyuzi unaopokea ngwe na kuzigawa wenyewe. Kibiri cha nyuzi nane. Ikabidhi kibiri. Kibiri kimejaa. Naliona neno hili likitembea vizuri mdomoni.

Kuna neno moja zaidi ambalo lamda hailisemi ila inalidai. Ngwe ikikabidhiwa kibiri, itafanywa baadaye na mahali pengine. Vitu inavyovihitaji lazima iondoke navyo: ile orodha ya stakabadhi, jina la ghala, tarehe. Peter Landin alikipa kifurushi hicho jina mwaka 1964, akimaanisha kitu kilichofungwa. Ukitafsiri kwa pupa utaandika ufungaji, na hakuna atakayejua unafunga mlango au duka. Kiswahili kina furushi: nguo iliyokunjwa na kufungwa ncha zake, ndani yake vitu vya safari. Lamda pamoja na vigeu ilivyovibeba ni furushi. Na kitendo cha kuvichukua tuseme kubeba, wala tusiseme kuteka, kwa kuwa kuteka kwa Kiswahili cha leo ni habari ya kutisha.

Java imeweka sharti kwenye furushi: kigeu cha ndani kinachobebwa na lamda hakiruhusiwi kubadilishwa baada ya kupewa thamani yake. C++ haina sharti hilo, inamwachia mwandishi aseme kama anabeba nakala au anabeba njia ya kukifikia kitu kilichobaki nyumbani. Anayebeba njia, na nyumba ikabomolewa kabla ya ngwe kuanza, atakuta uwanja mtupu. Na hata sharti la Java halimalizi hatari, kwa kuwa linazuia kubadilisha kigeu, halizuii kubadilisha kilichomo ndani ya kitu kinachoelekezwa na kigeu hicho. Lamda inarahisisha uandishi kiasi kwamba mtu anaweza kuzalisha kosa la nyuzi mbili kwa mstari mmoja ulionyooka. Kosa lenyewe ni lilelile la zamani, ila sasa limevaa vizuri.

Litazame kwa karibu. Ghalani kuna magunia 100 ya maharage. Ngwe ya kwanza inatoa magunia 30 kwa mnunuzi wa Kibondo, ya pili inatoa 20 kwa wa Manyovu. Ya kwanza inasoma daftari: 100. Kabla haijaandika, ya pili nayo inasoma: 100. Ya kwanza inatoa 30 na kuandika 70. Ya pili inatoa 20 kutoka kwenye ile 100 iliyoisoma, inaandika 80. Daftari linasema magunia 80 yamebaki, ghalani yapo 50. Hakuna aliyeiba. Rudia mara elfu na huenda lisitokee hata mara moja, kisha litokee siku ya mnada.

Kiingereza huita hali hii mbio, na baadhi ya tafsiri zimeandika mbio au mashindano. Tafsiri hiyo inapotosha, kwani katika mashindano kuna mshindi na hapa kila mtu ameshindwa. Kutangulia si kufika, walisema wazee, na ngwe ya kwanza iliyotangulia ndiyo iliyofutiwa hesabu yake. Kiswahili kinaweza zaidi kwa kiambishi kimoja kidogo. Kuwahi ni kufika kabla ya nafasi kupita. Ongeza -an-: kuwahiana. Wawili wanawahiana kwenye daftari moja. Ndani ya neno hilo mna wahusika wawili, mna kitu kimoja kinachogombewa, na mna muda, bila kuongeza hata silabi ya ufafanuzi.

Kiambishi hicho hicho kinatupa lingine. Ngwe A imefunga daftari la ghala na inalitaka daftari la fedha. Ngwe B imefunga la fedha na inalitaka la ghala. Kila moja inamngoja mwenzake, na zitangoja mpaka mtu azime mashine. Kungojana. Tafsiri za kamusi zinasema mkwamo, neno zuri, ila mkwamo wa lori kwenye tope hauna mwenzake. Katika kungojana kisababishi ni uhusiano wenyewe, na -an- inaunyooshea kidole.

Na dawa ya kuwahiana je? Edsger Dijkstra, Mholanzi, aliandika mwaka 1965 jinsi michakato inayoshirikiana inavyoweza kuachiana nafasi, na chombo alichokibuni alikipa jina la alama za reli. Msafiri wa Kigoma anamwelewa haraka. Reli ya Kati ina njia moja, na treni mbili zinazokabiliana lazima moja isimame stesheni hadi nyingine ipite. Hilo abiria wamekuwa wakiliita kupishana tangu mababu. Basi kupishana ndiyo istilahi, na kila mahali penye kupishana pawe na zamu na kufuli. Ngwe inayotaka daftari ichukue kufuli, isome, itoe, iandike, iachie. Ngwe inayonyimwa zamu siku zote kwa sababu wenye nguvu wanaipita, hiyo inapunjwa.

Kuwahiana, kungojana, kupishana. Maneno matatu, kiambishi kimoja. Mtoto wa Kibondo ameanza na kiambishi hicho katika lugha ya nyumbani kabla ya kufika darasa la kwanza, maana -an- ni mali ya Kiha na Kirundi sawasawa na Kiswahili. Akifika kidato cha kwanza anaambiwa sasa fikiri kwa Kiingereza. Akifika kwenye somo la nyuzi anapewa picha ya mbio zisizo na mshindi na anakariri. Naliona hili kuwa hasara halisi, na haihusu fahari ya lugha peke yake. Kati ya mwaka 1985 na 1987 mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, huko Marekani na Kanada, iliwapiga wagonjwa wasiopungua sita dozi kubwa kupita kiasi, na baadhi yao wakafa. Sababu mojawapo ilikuwa kuwahiana ndani ya programu yake: mwendeshaji aliyesahihisha maandishi haraka alikuta mashine imeshashika mpango wa zamani. Anayejifunza kuzuia jambo la namna hiyo ana haki ya kulielewa kwa lugha anayoielewa kwa undani.

Uwezo wa kuandaa istilahi tunao. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, ipo tangu 1967 na imesanifisha maelfu ya maneno ya fani. Mwaka 2004 watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisini kwa Kiswahili, na ilibidi watafute neno kwa kila kitufe. Kazi hiyo iliishughulikia zaidi menyu, yaani uso wa kompyuta. Ndani, mahali ngwe zinapogawiwa, bado ni msitu. Na anayestahili kuufyeka kwanza ni yule anayesimama mbele ya wanafunzi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa kompyuta wa Kasulu, Kibondo, Kakonko na Buhigwe: mtihani utabaki wa Kiingereza, lakini maelezo ni yenu. Mtakapofika kwenye nyuzi, andikeni ubaoni ngwe, furushi na kibiri. Chini yake andikeni kuwahiana, kungojana na kupishana. Muulizeni mwanafunzi ni ngwe zipi zinazowahiana kwenye daftari lile la magunia 100, naye achore mwenyewe mahali pa kuweka kufuli. Neno lipi limeshika na lipi limeanguka, waandikieni BAKITA, kwa sababu Baraza haliwezi kusanifisha neno ambalo hakuna darasa lililolijaribu.